Majina Hukatwa Dodoma Kabla ya Kura

Usiku wa Julai 10, 2015, Kamati Kuu ya CCM ilipomaliza kikao chake mjini Dodoma, wajumbe wake watatu walitoka na kwenda moja kwa moja kwa waandishi wa habari. Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa walisema wanajitenga na uamuzi uliotoka kupitishwa. Watia nia 38 walikuwa wamerudisha fomu za kuwania urais, yamebaki majina matano, na la Edward Lowassa halimo. Watatu hao walidai taratibu zimekiukwa na anayekubalika kwa wengi ameachwa. Kwa chama kilichozoea kufunga mlango kikigombana na kuufungua kikiwa na kauli moja, lile halikuwa jambo dogo.

Lowassa hakuwa malaika. Alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na tuhuma hizo zilimfuata hadi Dodoma. Lakini hakuna aliyeweza kusema hana watu. Chama kilitaka kila mtia nia apate wadhamini 450 katika mikoa 15. Yeye aliporudisha fomu alikuwa na wadhamini mamia ya maelfu. Halmashauri Kuu ilipokutana baada ya panga kupita, baadhi ya wajumbe walimpokea mwenyekiti wao, Jakaya Kikwete, kwa kuimba mbele yake kwamba imani yao iko kwa Lowassa. Kikwete alisikiliza, kikao kikaendelea, na jina halikurudi.

Halmashauri Kuu ikayapunguza majina yale matano, yakabaki matatu. Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Asiyejua yaliyotangulia angesoma takwimu hizo akaona ushindi wa kishindo wa demokrasia. Ukweli ni kwamba maelfu ya wajumbe waliosafiri kutoka kila pembe ya nchi waliletewa sahani iliyokwisha kupakuliwa.

Wakubwa wa chama wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Oktoba mwaka huo Magufuli alishinda kwa asilimia 58, kwa hiyo wanaweza kusema walijua walichokifanya. Wanaweza pia kurudi mwaka 1995, ambapo Mwalimu Nyerere, akiwa hana cheo chochote, alitumia uzito wake kuwaondoa aliodhani hawafai, akiwamo Lowassa huyo huyo. Katika duru ya mwisho Benjamin Mkapa alimshinda Kikwete kwa kura 686 dhidi ya 639. Wananchi wengi hawakuwa wakimfahamu sana Mkapa. Umati ungeachiwa uamuzi, pengine asingefika popote. Vikao vinajua mambo ambayo mkutano wa hadhara haujui: nani anadaiwa na nani, nani ananunua wajumbe, nani akipewa nchi atalipiza kisasi.

Sawa. Ila uchaguzi ule wa 2015 uliacha pia takwimu nyingine. Akiwa na Chadema, chama alichojiunga nacho mwishoni mwa Julai, Lowassa alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kufika hapo katika kinyang'anyiro cha urais wa Muungano. Mtu ambaye Kamati Kuu haikutaka hata jina lake lifike kwenye kura ya Halmashauri Kuu, watu milioni sita walimtaka awe rais. Hata ukiondoa wale ambao wangeichagua Chadema kwa vyovyote vile, bado ni umati.

Na Chadema isijitoe kwenye lawama. Lowassa aliyekatwa na wakubwa wa CCM aliingizwa na wakubwa wa Chadema. Mkutano Mkuu ulioketi Mlimani City, Dar es Salaam, Agosti 4 uliidhinisha kilichokwisha kukubaliwa mezani. Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu na mgombea wa 2010, aliyezunguka nchi kwa miaka akimtaja Lowassa kama sura ya ufisadi, alitangaza kuachana na siasa za vyama. Mwanachama wa kawaida wa Chadema, aliyeimba wimbo mmoja hadi Julai, alitakiwa Agosti aimbe mwingine bila kuulizwa.

Visiwani hesabu ni ndogo zaidi. Julai 10, 2020, Halmashauri Kuu ya CCM ilimteua Hussein Mwinyi kugombea urais wa Zanzibar kwa kura 129. Khalid Salum Mohamed alipata 19 na Shamsi Vuai Nahodha 16. Jumla ni kura 164, zilizopigwa Dodoma. Mwaka 2000 wapo Wazanzibari waliokasirika pale Mohamed Gharib Bilal, aliyeongoza katika vikao vya Zanzibar, alipoachwa na Dodoma ikamchukua Amani Karume. Mwaka huo huo wa 2020, kura za maoni za ubunge zilipomwaga vigogo, mtaani ulizuka msemo kuwa wajumbe si watu wazuri. Kwenye urais, mjumbe hata nafasi ya kuwa mbaya haipati.

Januari 2025 mambo yalifupishwa zaidi. Mkutano Mkuu Maalumu, ulioitwa kumpata makamu mwenyekiti wa Bara, uligeuka kuwa wa uteuzi: ukapitisha azimio la kumsimamisha Rais Samia Suluhu Hassan kwa uchaguzi wa Oktoba, bila fomu kuchukuliwa na bila mtia nia mwingine. Mgombea mwenza akawa Nchimbi, yule yule wa usiku wa 2015, wakati huo katibu mkuu wa chama. Safari hii hakuwa na taratibu za kulalamikia. Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa msemaji wa chama hicho, ndiye aliyelalamika. Julai akajiuzulu ubalozi wa Cuba. Cha kushangaza ni kwamba mwaka huo huo CCM iliongeza idadi ya wapiga kura za maoni kwa wabunge na madiwani. Mwanachama anaaminiwa kumpata diwani, rais haaminiwi kumpata.

Ghana wamejaribu njia nyingine. Chama cha NPP kilimteua Nana Akufo-Addo kugombea urais mwaka 2007 kwa mkutano wa wajumbe wapatao 2,300. Novemba 2023, Mahamudu Bawumia alipopatikana, walioruhusiwa kupiga kura walizidi 200,000 nchi nzima. Si dawa ya kila kitu. Kundi dogo la wazito bado lilipunguza majina kutoka kumi hadi matano kwanza, Alan Kyerematen, mmoja wa hao watano, akanuna na kwenda kugombea bila chama, na Bawumia mwenyewe alishindwa Desemba 2024. Lakini kununua watu 200,000 ni gharama kubwa kuliko kununua 2,000, na Kyerematen alikuwa na mlango wa kutokea.

Mtanzania hana mlango huo. Ibara ya 39 ya Katiba inamtaka mgombea urais awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigana na sharti hilo kwa miaka 20: alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba, alishinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, Juni 2013 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ikampa haki. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi, sharti likiwa palepale. Na hapo ndipo utetezi kwamba uteuzi ni mambo ya ndani ya chama unapokosa miguu. Klabu ya mpira ikichagua nahodha wake kwa siri, anayetaka anahamia klabu nyingine au anacheza mchangani. Nchi ikisema hakuna kufika Ikulu ila kwa kupitia vyama, vikao vya vyama vimekuwa sehemu ya uchaguzi wa umma, na mwananchi ana haki ya kuvihoji.

Bunge likiondoa sharti hilo, kila chama kichuje kinavyopenda. Kabla ya hapo, wenye kadi wapige kura ya maoni ya urais kwenye matawi yao, siku moja nchi nzima, na Kamati Kuu ibaki na kazi ya kukagua sifa na tuhuma za rushwa, ikitoa sababu zake kwa maandishi ambayo aliyekatwa na waliomdhamini wanaweza kuyasoma.