Gita la Kilungu na Haki ya Mwimbaji

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hii tuliyoachiwa na wazee wetu imenijia moyoni mara nyingi tangu niliporudi kutoka Kilungu, katika milima ya Ukambani, nilikokwenda kumjulia hali rafiki yangu wa siku nyingi aliyekuwa mgonjwa.

Huenda baadhi ya wasomaji hawapajui. Mtu akitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, akaipita Emali na Sultan Hamud, hufika Salama, na hapo huiacha barabara akapanda mlima hadi mji wa Nunguni. Ni nchi ya baridi na ukungu, yenye matuta yaliyochimbwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Mwaka 1992 Makueni ikafanywa wilaya mbali, nayo leo ni kaunti.

Siku ya soko niliketi katika mkahawa mmoja nikinywa chai ya maziwa. Mbele yetu palikuwa na kibanda cha kijana anayewatilia watu nyimbo katika simu zao kwa shilingi chache. Alikuwa akizipiga nyimbo mpya za bendi moja ndogo ya vijana wa upande ule. Niliambiwa kwamba vijana hao hawana kampuni wala tajiri. Walichanga fedha zao wenyewe, wakaenda kurekodi, wakazitoa nyimbo zao kwa mkupuo mmoja. Gita la kwanza lalia juu kabisa, la pili laliitikia, besi yavuma chini, na ngoma zaenda mbio kama mtu anayefukuza basi. Wazungu wana roki yao. Hii ndiyo benga ya Wakamba, na kwa ukali wa nyaya sioni kama yashindwa.

Palepale mkahawani pakazuka mjadala. Mzee mmoja alisema nyimbo hizi hazina neno. "Zamani mwimbaji alikupa kisa," akaniambia, "ukaenda nacho nyumbani ukamsimulia mkeo. Hawa wanataja majina ya wenye fedha na majina ya baa, kisha gita tu mpaka mwisho." Mama mmoja muuza mboga akaongeza kwamba katika nyimbo zote alizosikia, mwenye kosa ni mwanamke. Kijana aliyeketi karibu naye akacheka, akasema, "Mama, nyimbo hizi ni za kucheza, si za kuhubiri." Nami mgeni nikasikiliza, maana kila mmoja alikuwa na hoja.

Kisha nikauliza swali moja: ni nani kati yenu aliyewalipa vijana hawa chochote? Mzee alitiliwa nyimbo na mjukuu wake. Mama huzisikia katika matatu. Kijana alizinunua pale kibandani, na shilingi zake zikaishia kibandani. Hakuna hata mmoja ambaye senti yake ilimfikia aliyeimba.

Hapo ndipo nilipoona kwamba maradhi na sababu yake vilikuwa vimeketi meza moja. Bendi isiyolipwa kwa nyimbo zake hutafuta riziki kwa kupiga muziki wa usiku. Na anayelipa usiku ni baa, na mlevi mwenye fedha anayetaka jina lake litajwe. Basi maneno hupunguzwa ili watu wacheze, na jina la tajiri huongezwa ili atoe tena. Mzee yule alikuwa akilalamikia chakula kilichopikwa kwa ladha ya mtu mwingine, kwa kuwa mtu huyo mwingine ndiye aliyenunua unga. Na mama yule, ambaye nyimbo zamsengenya, hana sauti mbele ya bendi kwa sababu hiyo hiyo.

Haya si mageni Ukambani. Marehemu Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987, alijua thamani ya msikilizaji anayenunua. Akaimba kwa Kikamba, akaimba na kwa Kiswahili, ili santuri zake zinunuliwe na watu wa makabila mengine. Santuri ile ndogo ilikuwa na pande mbili tu. Mwimbaji alilazimika kukifikisha kisa chake kabla sindano haijafika katikati. Sisemi kwamba waimbaji wa siku zile walitajirika, la. Wengi walifanya kazi na matajiri wakachukua. Lakini angalau msikilizaji alikuwa mnunuzi, na mnunuzi husikizwa.

Na sisi wa pwani je? Miaka ya 1980, nikiwa kijana, palikuwa na wimbo wa akina dada wa Kalambya Sisters uitwao "Katelina", waliopigiwa na bendi ya Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki. Ulikuwa ukipigwa kwenye magari na madukani, nasi tukiucheza bila ya kujua hata neno moja. Maalim wetu wa chuoni aliusikia akaukataza, kwa sababu ya gita. Jirani yetu mmoja Mkamba akamfasiria: ni kisa cha mzaha juu ya msichana apendaye uki, pombe ya kienyeji, na kila mwaka hupata mimba. Maalim alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ubaya umo ndani ya kibuyu, haumo katika nyaya." Hakuuhalalisha wimbo, lakini tangu siku ile alikuwa akiuliza maana kwanza, ndipo akasema neno lake.

Najua khitilafu ya wanazuoni juu ya ala za muziki, nami si mufti. Atakayejiepusha nazo kwa kuchunga dini yake, namheshimu. Ninayesema naye ni yule ambaye husikiliza, akapenda, akacheza, kisha akawatukana waliompigia. Huyo na asijifiche nyuma ya dini. Sote tuliosoma chuoni twajua tulivyofunzwa juu ya ujira: mtenda kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hatukuambiwa kwamba mpiga gita hatoki jasho.

Wala tusijione kwamba gita ni jambo la bara. Slim Ali wa Hodi Boys alikuwa kijana wa Mombasa, na Them Mushrooms waliipeleka "Jambo Bwana" duniani kuanzia mwaka 1982. Hata taarabu yetu haikukaa mbali na mambo mapya. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavisha maneno ya Kimvita, mengine yakiwa ni tungo za jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir. Watu wakasema hivi na vile, lakini kanda zake zikapigwa kila mtaa. Na kanda hizo zikinakiliwa nyumba hata nyumba, ni nani aliyeuliza mtungaji amepata nini?

Muyaka bin Haji, yapata karne mbili zilizopita, aliitunga mashairi juu ya mambo ya soko na ya mtaa, na watu wa Mombasa wakayajibu. Kujibizana ndiko kulikoifanya lugha yetu iwe na makali. Kwa hivyo sipingi lawama za mzee wa Nunguni, nilizipenda. Mwimbaji asiyelaumiwa hulala. Lakini lawama ya bure haimfikii mtu. Lawama ya mnunuzi humfikia, kwa sababu mara ya pili ataacha kununua.

Nitaambiwa kwamba watu ni maskini, na kwamba mama muuza mboga hana cha kutoa. Ni kweli. Ndiyo maana sheria haikuanza naye. Chama cha haki za wanamuziki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, na Sheria ya Hakimiliki ikatungwa mwaka 2001, ili redio, mikahawa na magari yanayowavutia wateja kwa nyimbo yawalipe wenyewe. Hao ndio wanaostahili kudaiwa kwanza. Lakini mimi na wewe, ambao kikombe cha chai hakitushindi, tuna udhuru gani? Ikiwa twapata shilingi za kumpa mwenye kibanda, twaweza kuuliza namba ya bendi yenyewe tukaitumia shilingi hizo hizo kwa simu.

Wakamba si wageni wetu. Misafara yao ya pembe iliteremka Rabai na Mombasa zamani kabla ya reli, na leo wako nasi Kwale na Changamwe, twaoleana na kuzikana. Jirani akiimba, adabu ni kuuliza anasema nini. Ukichukizwa, mwambie. Ukipendezwa, mlipe. Kuchukua chake kwa siri, kisha kumlaumu hadharani, hakufai kwa muungwana.

Nilipoondoka Nunguni nilimwomba kijana wa kibanda anielekeze kwa wenye bendi. Akanishangaa, akasema hajawahi kuulizwa. Alinipa namba, nami nikatuma nilichoweza, pamoja na maneno haya: magita yenu ni mazuri, lakini mzee mmoja anadai kisa, na mama mmoja anadai heshima. Jibu lilikuja jioni, fupi: "Asante mzee. Tumesikia." Nami nikaandika ubeti huu ndani ya basi:

Msikizaji kumbuka, wimbo una mwenye wimbo,
Jasho lililomtoka, si maji ya kwenye chombo,
Ukipenda, ukicheka, mlipe bila ya fumbo,
Ndipo ukishika fimbo, hukumu itasikika.