Futeni Hiyo Orodha

Kama ulisoma shule ya bweni hapa Kenya, bila shaka uko kwenye kundi la WhatsApp la darasa lenu. Letu linaitwa "Wazee wa 2016", na hakuna hata mmoja wetu amefikisha miaka 30. Mara nyingi ni kimya. Halafu siku moja asubuhi na mapema simu inaanza kutetemeka na unajua tu: kuna msiba, kuna harusi, ama kuna bili ya hospitali. Mhazini anaandika ujumbe mfupi, anaweka namba ya M-Pesa, kisha anaanzisha orodha. Moja, jina lake, Sh2,000, tiki ya kijani. Mbili, jina la daktari wetu, Sh5,000, tiki. Kila anayetoa anainakili, anaongeza jina lake, anairusha tena. Kufikia jioni imepita mbele ya macho yako mara arobaini na wewe bado unatafuta mia tatu.

Nina jambo moja la kusema: hiyo orodha ifutwe. Sisemi mchango ufutwe. Nasema orodha.

Tunajuana nayo kitambo. Kwa miaka minne ilikuwa inabandikwa kila mwisho wa muhula kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Jina, alama, nafasi, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kulikuwa na wale wa kutafuta jina lao wakianzia juu na wale wa kuanzia chini, na kila mtu alijua yeye ni wa wapi. Msee wa nafasi ya 112 hakuhitaji kuambiwa anyamaze darasani. Sasa sisi ni watu wazima, hakuna naibu, hakuna ubao, na tumejibandika wenyewe.

Na sisi ndio tulifaa kujua zaidi. Tulifanya KCSE ya 2016, Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, na matokeo yakatangazwa Desemba hiyo hiyo, chapati za Krismasi hazijatoka tumboni. Mwaka wa 2015 watahiniwa 2,685 walipata A nchi nzima. Mwaka wetu walikuwa 141. Kuna wasee tulikuwa tunawaita daktari tangu kidato cha pili ambao waliamka na C. Ungedhani pigo kama hilo lingetufunza kwamba nafasi ya mtu kwenye karatasi inaweza kuanguka usiku mmoja na mtu mwenyewe abaki yule yule. Wapi! Tulitafuta tu karatasi nyingine.

Deski mwenzangu nitamwita Kamusi. Alifukuziwa karo mara nyingi hadi mlinzi wa lango akawa anamjua kuliko walimu. Kila akirudi nilimpa daftari zangu anakili. Nilipougua malaria kidato cha tatu, yeye ndiye alinibebea uji kutoka jikoni hadi bwenini, kikombe kimefunikwa na kitabu cha kemia. Mwaka jana admini alimtoa kwenye kundi. Kosa lake ni kwamba kwa michango mitatu mfululizo jina lake halikuwa na tiki. Admini akaandika, "Tunapunguza abiria." Watu kumi na mmoja wakaweka emoji ya kicheko, kisha wakarudi kubishana kuhusu Arsenal.

Mimi sikucheka. Lakini pia sikusema kitu, na sababu yake si nzuri. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo imekwama na mkopo wa HELB umeishia kwa kodi ya nyumba na chakula. Kwa miaka miwili niliendelea kuwaambia niko campus. Siku walipoweka picha za mahafali niliandika "hongereni wadau", nikazima simu, nikalala mchana. Na kila mchango ulipokuja nilitoa, hata kwa Fuliza. Si eti nina roho safi. Nilikuwa nanunua kuachwa kwa amani, maana mtu mwenye tiki haulizwi maswali.

Miezi michache iliyopita nilipanda matatu Githurai na makanga akawa Kamusi. Alikataa nauli yangu. Tulicheka, tukaulizana habari za mama zetu. Kisha, mkono mmoja ukiwa umeshika mlango, akaniuliza, "Buda, nilipotolewa walisema nini?" Nikamwambia hakuna mtu alisema kitu. Akatikisa kichwa, akagonga bodi ya gari mara mbili, dereva akaondoa.

Mtaniambia kundi si la pesa, ni la kumbukumbu. Haya, tuzungumzie kumbukumbu. Tunasimulia githeri yenye wadudu, mamono wakioshwa na maji baridi usiku, na kiboko cha mwalimu wa zamu. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Sisi tuliingia kidato cha kwanza 2013 na tukachapwa hadi tukatoka. Siku hizi tunakisimulia kama kichekesho, na anayecheka zaidi ni yule ambaye mambo yalimwendea vizuri, kwa sababu anaamini kilimlipa. Kamusi alichapwa kwa kukosa mtihani wiki aliyokuwa nyumbani akitafutiwa karo. Hadithi yake haina mahali pa kuchekea, na sasa hayumo kuisimulia. Kundi linalotoa wasiolipa linabaki na kumbukumbu za wanaolipa.

Najua mhazini atajibu kwamba bila orodha watu hawatatoa. Basi huo si urafiki, ni kodi, na tuiite hivyo. Atasema pia kwamba orodha inazuia pesa kuliwa. Hapo ana haki, wahazini wameshakula pesa za watu. Lakini kila anayetoa anapata ujumbe wake wa M-Pesa. Wachagueni wawili wakague taarifa ya akaunti, kisha mtangaze jumla peke yake. Aliyefiwa anahitaji jumla. Hahitaji kujua nani alitoa mia mbili.

Na sisemi kundi halina faida. Mama wa mwenzetu mmoja alitoka hospitalini kwa sababu yetu, na najivunia hilo. Lakini wahenga waliposema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hawakusema dhiki ni lazima iwe kifo ama bili. Kukosa kazi miaka mitatu ni dhiki. Kuacha chuo ni dhiki. Hizo hazina namba ya M-Pesa, zinahitaji mtu apige simu aulize, "Uko wapi siku hizi?" na asiharakishe kukata.

Admini, namba ya Kamusi ni ile ile. Mrudishe, na umwombe msamaha pale pale ulipomcheka. Na mchango wa wiki hii mimi sijatoa, kwa sababu sina. Nimeandika jina langu kwenye orodha na kuliacha bila tiki. Mkitaka kunitoa, nitoeni, lakini safari hii mtu aseme kitu.