Bembea mpya, nani kazikagua?

Wadau, uwanja mpya wa watoto mtaani kwetu umekatiwa utepe, picha zimepigwa, rangi inang'aa. Sasa nauliza, nani kaukagua? Nimesoma mwongozo wa CPSC, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa. Wanasema nafasi kati ya vyuma ama isifike inchi 3.5, ama izidi 9. Katikati ya hapo mwili wa mtoto unapita, kichwa kinakwama. Duh! Na chini ya bembea pawe na kitu laini, mchanga au vipande vya mbao. Kwetu ni zege tupu. Yaani hela ya utepe ipo, ya lori la mchanga hakuna? Halmashauri ibandike ripoti ya ukaguzi getini tuisome. Kama ipo lakini.