Nyambizi Iliyoitwa Hiroshima

Wanafunzi wetu wanapofundishwa habari za Vita Baridi, aghalabu hutajiwa ukuta wa Berlin na mzozo wa Cuba, kisha kengele ikalia. Nyambizi ya Kisovieti K-19 haitajwi, na anayeijua yamkini aliiona katika filamu ya Kimarekani ya mwaka 2002 iliyoibandika jina la mwenye kuwafanya wake za watu wajane. Mabaharia walioitumikia hawakuiita hivyo. Wao waliiita Hiroshima.

Chanzo cha mkasa huo ni mashindano. Mnamo Desemba 1959 Marekani iliingiza katika jeshi lake la majini nyambizi George Washington, yenye makombora 16, na Julai 1960 ikarusha kombora ingali chini ya maji. Moscow haikutaka kuachwa nyuma. K-19, iliyoundwa Severodvinsk na kushushwa majini mwaka 1959, ndiyo iliyokuwa nyambizi ya kwanza ya Kisovieti kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia na papo hapo kubeba makombora ya balistiki. Makombora yenyewe yalikuwa matatu tu, tena ilibidi iibuke juu ya maji ndipo iyarushe. Kazi ilifanywa kwa pupa, na baadhi ya mafundi wakafa kabla chombo hakijaanza safari. Husimuliwa pia kwamba siku ya kuizindua, chupa ya shampeni ilikataa kuvunjika, na wapo wanaosema huo ndio uliokuwa mkosi wake. Sisi hatuoni haja ya kuisingizia chupa.

Tarehe 4 Julai 1961, nyambizi hiyo ikiwa mazoezini Atlantiki ya Kaskazini na watu 139 ndani yake, kimoja cha vinu vyake viwili kilipoteza shinikizo la maji ya kukipoza. Mwalimu wa fizikia atawaeleza wanafunzi wake kwamba mmenyuko wa nyuklia ukishazimwa, fueli huendelea kutoa joto, na joto hilo lisipoondolewa fueli huweza kuyeyuka. Mfumo wa akiba wa kukipoza kinu haukuwapo, haukuwa umewekwa. Redio ya masafa marefu nayo ilikuwa imeharibika. Nahodha Nikolai Zateyev hakuwa na njia nyingine ila kuwatuma watu waingie katika chumba cha kinu, kwa zamu za dakika chache, wachomelee bomba jipya la kupitishia maji. Hawakuwa na mavazi ya kuwakinga na mnururisho. Walivaa makoti yasiyopenya maji, kana kwamba wanaenda kunyeshewa na mvua. Bomba lilishika na joto likashuka. Nyambizi ya dizeli ya Kisovieti ikaitikia wito na kuwapokea mabaharia. Katika muda wa majuma matatu wanane waliofanya kazi hiyo walikuwa wamekufa, miongoni mwao luteni kijana Boris Korchilov, na wengine wakawafuata baadaye.

Ushujaa wa vijana hao haupingiki. Hata hivyo, tunashuku kwamba sifa tunazowamiminia huwa pazia la kuwafichia wengine. Miezi tisa kabla ya siku hiyo, Oktoba 1960, nyambizi K-8 ilipatwa na ajali ya namna ile ile, na mabaharia wake wakalazimika kubuni papo kwa papo njia ya kukipoza kinu. Maana yake ni kwamba hatari ilikwisha kujidhihirisha. Licha ya hayo, K-19 ilipelekwa baharini bila kitu hicho hicho ambacho K-8 ilikikosa.

Watakuwapo watakaosema kwamba jeshi haliwezi kutangaza udhaifu wake mbele ya adui. Hoja hiyo ina uzito wakati wa hatari, lakini K-19 inaidhoofisha. Walionusurika waliamriwa wafunge midomo, nao wakaifunga kwa takriban miaka 30. Waliofichwa habari hizo kwa muda wote huo si Wamarekani peke yao, bali pia wazazi na wajane wa marehemu, ambao hawakuweza hata kuuliza ni nani aliyetia sahihi kwamba chombo kiko tayari.

Chombo chenyewe hakikupumzishwa. Vinu vyake viling'olewa na kutupwa katika Bahari ya Kara mwaka 1965, vipya vikatiwa, nayo ikarudishwa kazini. Novemba 1969 iligongana chini ya maji na nyambizi ya Marekani Gato. Februari 1972 ilishika moto ikiwa kilindini na kuua mabaharia 28. Wengine 12 walinaswa katika sehemu ya nyuma, gizani, kwa zaidi ya majuma matatu kabla ya kutolewa wakiwa hai. Iliondolewa katika utumishi mwaka 1990.

Mwaka 2006 Mikhail Gorbachev alipendekeza mabaharia wa mwaka 1961 watunukiwe Tuzo ya Amani ya Nobel. Zateyev hakuwapo kulisikia pendekezo hilo, kwani alifariki mwaka 1998. Mwalimu atakayeisimulia habari hii darasani na amtaje Korchilov kwa jina. Akisha kumtaja, awaulize wanafunzi wake ni kwa nini hatuyajui majina ya wale walioipitisha nyambizi hiyo kuwa salama.