Kesi Ikiahirishwa, Aliyesababisha Atajwe



Nina dukuduku kuhusu jinsi kesi za jinai zinavyoendeshwa katika mahakama za mahakimu huku kwetu mashinani. Sina ugomvi na hukumu ya hakimu yeyote, maana kesi yangu haijafika hata karibu na hukumu. Kinachonikera ni kuahirishwa. Kesi inaahirishwa, kisha inaahirishwa tena, na hakuna anayeulizwa kwa nini.

Mimi ni fundi wa nguo katika mji mmoja wa Pwani. Kibanda changu kilivunjwa usiku, zikachukuliwa cherehani mbili na ovaloki. Nilipiga ripoti, nikapewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), nikaandikisha taarifa. Polisi hawakulala. Wiki haikuisha mali ikapatikana na kijana mmoja akatiwa mbaroni. Kama ni yeye au si yeye, hiyo ni kazi ya mahakama kuamua. Alifikishwa kizimbani kesho yake, kama kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinavyotaka, kwamba aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au kabla ya siku ya kazi inayofuata kumalizika ikiwa saa hizo zimeishia wakati korti imefungwa. Akasomewa mashtaka, akayakana, akawekewa masharti ya dhamana. Kufikia hapo nilikuwa na imani kubwa.

Kesi ikatajwa ili mshtakiwa apewe nakala za taarifa za mashahidi. Hilo silipingi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kujua mapema ushahidi atakaokabiliana nao, na ningekuwa mimi ningeidai haki hiyo hiyo. Ikapangwa tarehe ya kusikilizwa. Afisa mpelelezi akatupigia simu sisi mashahidi, yaani mimi, mlinzi wa soko, na mama muuza samaki aliyeona mzigo ukipakiwa kwenye mkokoteni. Tufike saa tatu kamili, akasema, na atakayekosa atatolewa kibali cha kukamatwa.

Wote walioitwa siku hiyo, wa kesi zote, waliambiwa saa tatu. Orodha ya kesi hubandikwa kando ya mlango na watu huisonga wakitafuta majina yao. Wanaoanza ni wanaosomewa mashtaka mapya, halafu kesi za kutajwa, na mwisho kabisa zile za kusikilizwa ambazo ndizo zina mashahidi. Kwa hiyo shahidi, ambaye hajashtakiwa kwa lolote, ndiye anayekaa barazani muda mrefu kuliko wote. Adhuhuri imeshapita ndipo karani anaita kesi yetu. Kiongozi wa mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, faili ya polisi haijaletwa. Tunaomba tarehe nyingine." Tarehe inatolewa, mshtakiwa anarudishwa chini, inaitwa kesi nyingine. Sisi tuliokuja kutoa ushahidi hata hatujaulizwa kama tumefika.

Safari iliyofuata faili ilikuwepo, lakini afisa mpelelezi alikuwa amehamishiwa kituo kingine. Halafu afisa akapatikana, vielelezo vikawa vimebaki kituoni kwa kukosa gari la kuvibeba. Siku nyingine tulifika tukakuta tangazo mlangoni kwamba hakimu yuko kwenye semina. Semina haipangwi usiku wa kuamkia leo. Aliyetuita kwa simu alishindwa nini kutuzuia kwa simu hiyo hiyo?

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 205, inasema kesi isiahirishwe kwa zaidi ya siku 30, na ikiwa mshtakiwa yuko rumande, isizidi siku 15. Huku kwetu tarehe za kusikilizwa hutolewa miezi mbele, tunaambiwa shajara imejaa. Imejazwa na nini kama si kesi zizi hizi zinazorudi bila kusikilizwa?

Wanaoumia kwanza ni mashahidi. Nauli ya kwenda na kurudi ni yangu, na siku ya korti sipati hata shilingi kwa kuwa kibanda nimekifunga. Mlinzi wa soko huja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, macho mekundu, akisinzia kwenye benchi. Yule mama wa samaki huacha ndoo yake kwa jirani, na samaki hawangoji korti. Safari ya mwisho alinipigia akaniambia waziwazi, "Mwanangu, mimi sirudi tena huko. Wakitaka kunikamata waje." Sikuwa na jibu la kumpa.

Asiporudi, sheria ina njia zake. Kiongozi wa mashtaka akiona hana shahidi anaweza kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria hiyo ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, mshtakiwa akaenda zake huku akijua anaweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Na kifungu cha 202 cha sheria hiyo kinamruhusu hakimu kumwachilia huru mshtakiwa iwapo mlalamishi aliyearifiwa tarehe hakutokea. Siku hiyo itaandikwa kwenye faili kwamba mlalamishi amekosa kufika. Siku zile zote nilizofika haziandikwi mahali. Na mtaani watasema hakimu amekula mlungula, kumbe hakimu hakuletewa kesi ya kuamua. Vijana wa bodaboda wakishaamini hivyo, mwizi atakayeshikwa kesho hapelekwi kituoni. Sote tunajua anafanywa nini.

Anayeumia pia ni mshtakiwa. Mama yake huketi nasi barazani, na tumeshazoeana kusalimiana. Mwanawe alipewa dhamana lakini bado yuko rumande, kwa sababu dhamana ilihitaji mdhamini mwenye hatimiliki ya ardhi au gari. Huku Pwani familia ngapi zimeishi kwenye shamba vizazi na vizazi bila kipande cha hati? Dhamana ni haki yake kikatiba, lakini kwa mtu asiye na hati inabaki kwenye karatasi. Akipatikana na hatia, angalau kifungu cha 333 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamtaka hakimu azihesabu siku alizokaa ndani. Asipopatikana na hatia, nani atamrudishia siku hizo?

Hata mali yangu imefungwa. Cherehani zangu ziko stoo ya kituo cha polisi, zimebandikwa karatasi yenye nambari ya kesi. Nilipokwenda kuziangalia, gurudumu la mkono la moja lilikuwa limeshika kutu halizunguki, na mkanda wa ovaloki umeliwa na panya. Nakodisha cherehani ya mwenzangu kwa siku ili nipate kushona sare za shule, na zangu zinaozea serikalini kwa jina la ushahidi.

Nimesikia sasa kwamba hakimu wetu huenda akahamishwa. Anayemrithi anaweza kuendelea na kesi pale ilipoachwa, lakini kifungu cha 200 cha sheria hiyo hiyo ya mwenendo wa kesi kinampa mshtakiwa haki ya kutaka mashahidi waliokwishatoa ushahidi waitwe upya. Ni haki yake. Lakini mjue maana yake kwa walalamishi ambao mashahidi wao wameshahama, wameshasahau au wameshafariki.

Nitajibiwa kwamba mahakimu ni wachache na faili ni nyingi. Ni kweli, na sisi watumiaji wa korti tunawaona wakitoka jioni na mafungu ya faili kwapani. Lakini kuleta faili kutoka kituo cha polisi mpaka kortini hakuhitaji hakimu mpya. Kumtumia shahidi ujumbe wa simu jana yake hakuhitaji bajeti ya Bunge. Tangu janga la korona la mwaka 2020 mahakama zetu zimesikiliza kesi kwa njia ya video. Zitashindwaje kutuma ujumbe mfupi?

Kwa hivyo naomba mambo yafuatayo. La kwanza na kubwa kuliko yote, kesi ya jinai ikiahirishwa, sababu isomwe wazi mbele ya mashahidi na iandikwe pamoja na jina la ofisi iliyosababisha: ni polisi, ni upande wa mashtaka, ni wakili, ni mshtakiwa au ni korti yenyewe. Sababu ile ile ikijirudia, mkuu wa kituo husika aitwe aje ajieleze mbele ya hakimu, kama anavyoitwa shahidi aliyekosa.

La pili, kesi zipangiwe saa tofauti. Za kutajwa ziwe asubuhi, za kusikilizwa zipewe saa yao, ili mama wa samaki auze kwanza ndipo aje.

La tatu, vifaa vya kazi vinavyoshikiliwa kama vielelezo vipigwe picha, virekodiwe, na mwenyewe akabidhiwe kwa amri ya korti na kwa sharti la kuvileta vikihitajika. Hakimu akiombwa anaweza kutoa amri ya namna hiyo, lakini walalamishi wengi hawajui kwamba kuna cha kuomba, wala hakuna anayewaambia.

La nne, shahidi wa serikali arudishiwe nauli yake siku hiyo hiyo bila kuzungushwa ofisi kwa ofisi.

Chombo cha kuanzia tunacho. Kila kituo cha mahakama kinatakiwa kuwa na Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambamo huketi mahakimu, waendesha mashtaka, polisi, magereza, maafisa wa probesheni na wawakilishi wa wananchi. Huku kwetu tunasikia tu kwamba imekutana. Ikutane mbele yetu, au itume mtu kwenye baraza la chifu atusomee ni kesi ngapi za jinai zilizoahirishwa kwa miezi mitatu iliyopita na kwa makosa ya nani. Kifungu cha 159 cha Katiba kinasema haki isicheleweshwe, na anayetakiwa kuonyesha kwamba haicheleweshwi si mshona nguo.

Kesi yangu ina tarehe nyingine mwezi ujao. Nitafunga kibanda na nitakuwepo, na mlinzi ameahidi atakuja. Nitakwenda tena kumwomba yule mama wa samaki. Ila nikimwendea nataka niwe na la kumwambia, na la maana ni moja tu: safari hii wakiahirisha, watatuambia ni nani.

Wako,
Fundi wa nguo,
Pwani