Choya Si Damu, Dada Yangu

Leo sikupakeni mafuta kwa mgongo wa chupa.

Handeni na Korogwe, kama huku kwetu visiwani, bi harusi akilalamika kizunguzungu huambiwa: kunywa choya, itakuongezea damu. Kwa nini? Kwa sababu ni nyekundu! Kwa hoja hiyo hata soda ya rangi ingekuwa dawa.

Wekundu wa choya unatokana na rangi za mimea ziitwazo anthosayanini, si madini ya chuma. Damu hupungua kwa minyoo, malaria, hedhi nzito au mlo duni, na kila kimoja kina tiba yake. Jagi la choya haliui minyoo.

Sasa imekuja na jina jipya: "maua ya Ayurveda", bei juu. Ua linalotajwa sana katika tiba hiyo ya Kihindi ni japa, lile ua la bustani, Hibiscus rosa-sinensis. Choya ni Hibiscus sabdariffa, na tunachokausha si petali, ni yale maganda mekundu manono yanayozunguka tunda. Watu wa Andhra kule India hupika majani yake, huyaita gongura. Ni mimea ndugu, si mmea mmoja.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumeloa, akamkemea mwenye mali kwa kuficha. Anayeuza choya kwa jina lisilo lake na ahadi isiyokuwamo ana tofauti gani naye?

Siipigi vita choya. Naipenda! Ni mmea unaovumilia ukame, mkulima wa Handeni anastahili kulipwa kwa chakula chake, si kwa uongo wa mchuuzi. Ioshe, ichemshe na tangawizi, mdalasini na hiliki, chuja, tia sukari kiasi. Au itie kidogo kwenye mchuzi wa samaki badala ya ukwaju. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kwani choya ina asidi. Na kwa kuwa inaweza kushusha presha, anayemeza dawa za presha aulize daktari kwanza. Mjamzito pia.

Masomo na makungwi, mwari ni amana yenu. Mpeni choya kwa kiu. Kwa kizunguzungu, mshikeni mkono mpaka kituo cha afya akapimwe damu, kabla ya singo, kabla ya hina.

Wallahu a'lam.