Kabla ya pedali, pimeni umeme

Naunga mkono ushauri wa kubeba nyuzi za akiba uliotolewa katika makala kuhusu vifaa vya mpiga gita, ila mwandishi wake amelipita kimya jambo kubwa kuliko yote: umeme. Nyuzi za gita zimeunganishwa na bodi ya amplifaya. Amplifaya ikikosa ethi, au maiki ikiwa kwenye mitambo yenye hitilafu, ukigusa maiki kwa mdomo huku umeshika gita, umeme unaweza kupita mwilini mwako. Les Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea mwaka 1972 baada ya kushika maiki isiyo na ethi. Wenzangu, msikate kamwe waya wa ethi eti kuondoa mngurumo!

Kuhusu sauti nakubaliana na makala hiyo kwa nusu tu. Besi nzito inayopendeza chumbani humezwa ukumbini, maana gita la besi na dramu vimeshakalia sehemu hiyo. Mpiga solo apunguze besi, aongeze sauti za kati. Sikilizeni rekodi za mpiga gita Mbaraka Mwinshehe akiwa na bendi ya Morogoro Jazz: gita safi, kila noti inajitenga na rithim. Waya nao usiwe mrefu bila sababu. Kwa gita la kawaida mita 6 zinatosha, zaidi ya hapo makali ya sauti hupungua.

Pedali zinaweza kungoja. Nunueni kwanza testa ya soketi, na mpime kila ukumbi kabla ya kuchomeka chochote, hasa penye jenereta.